Kiwanda kikongwe cha bia nchini kinamtafuta nani sasa?

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba wachache mnaosoma humu kimyakimya halafu mnajifanya hamsomi. Leo naweka pembeni chanjo na degedege. Tunaongea bia. Subirini, msinikimbie, mwisho wa siku tutarudi kwa mtoto na mama yake, maana mimi ni nesi, sina kwingine pa kurudi.

Mada imetoka kwenye kikao cha harusi hapa Ifakara. Kamati ilifika kipengele cha vinywaji, ikakwama saa nzima. Mzee mmoja alisema Safari ya siku hizi si ile aliyokunywa ujana wake, kwamba walipoingia wageni wameichakachua. Kijana wa upande wa bwana harusi akamjibu kwamba bia ya zamani ilikuwa inakuja na mashapo chini ya chupa, wazee wanakumbuka ujana, hawakumbuki bia. Mwingine akataka Serengeti. Mwingine akasema ya nini kujitesa, tuchukue Eagle kwa bei ndogo, waliobaki wanywe komoni. Hapo ndipo ukumbi ukawaka moto. Kuna waliochukia kwamba harusi ya watu inafanywa kilabu cha pombe, na kuna mama aliyechukia zaidi, kwa sababu yeye ndiye mpika komoni na amesomesha watoto wanne kwa sufuria hilohilo.

Nikawaza, hawa watu wote wanagombania kitu kimoja na hawajui. Wanagombania kiwanda kimoja, Tanzania Breweries, TBL, ambacho kimegeuza mwelekeo si mara moja wala mbili. Nimesoma kidogo kidogo, nikauliza wazee. Nawaletea kwa vipande, someni mtoto akilala.

SEHEMU YA 2

Tuanze Kenya, maana ndiko ilikoanzia. Mwaka 1922 ndugu wawili Waingereza wa ukoo wa Hurst walianzisha kiwanda cha bia Nairobi. Mwaka uliofuata mmoja wao, George, aliuawa na tembo akiwa mawindoni. Bia ikapewa jina la Tusker, ndiyo maana ina picha ya tembo mpaka leo. Watu wengine wakifiwa wanajenga kaburi.

Huku kwetu Tanganyika Breweries ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933. Haikukaa muda mrefu peke yake. Katikati ya miaka hiyo ya 1930 ilimezwa na wale wa Nairobi, na mwaka 1936 kampuni kubwa ikaitwa East African Breweries. Kwa hiyo anayesema "zamani bia ilikuwa yetu" inabidi aulizwe zamani ipi, maana ikiwa bado changa kabisa ilishakuwa na mwenyewe mwingine.

Na ilikuwa inatengenezewa nani? Si babu zetu. Mkataba wa Brussels wa 1890, kisha ule wa Saint-Germain wa 1919, ilikataza kuuza pombe kali za Kizungu kwa Waafrika wa sehemu kubwa ya bara hili. Sheria za makoloni zikaongeza kufuli zake. Bia ya chupa ikawa ya Mzungu, na ya Mhindi mwenye nafasi. Mwafrika alitengewa kilabu: sehemu yenye uzio, yenye saa za kufungua na kufunga, ambapo pombe ya nafaka iliuzwa kwa leseni na serikali ikachukua ushuru wake. Vikwazo vilikuja kulegezwa kidogo kidogo baada ya Vita ya Pili ya Dunia.

Naomba mlishike hilo la kilabu. Ukipita leo Viwanja Sitini au Kibaoni ukasikia "tupo kilabuni", hilo neno limetoka mbali. Mkoloni aligawa wanywaji mafungu mawili: wa chupa na wa kopo. Kiwanda kilipewa wa chupa. Mama mpika pombe akapewa wa kopo. Mgawanyo huo ulidumu miaka mingi sana kuliko sheria zenyewe, na ugomvi wa kwenye kikao cha harusi ulikuwa ndio huohuo.

SEHEMU YA 3

Baada ya uhuru na Muungano jina likawa Tanzania Breweries. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na ndani ya siku chache serikali ikatangaza kuchukua sehemu kubwa ya hisa kwenye makampuni kadhaa: ya viatu, ya sigara, ya saruji, na ya bia pia. Hapo kiwanda kikageuka kwa mara ya kwanza kwa makusudi. Mnywaji akawa mwananchi. Bia ikawa ya mfanyakazi, ya mwalimu, ya bwana shamba aliyepokea mshahara. Safari Lager ilizaliwa kipindi hicho, mwaka 1977. Ukitaka kumuelewa yule mzee wa kikao, anzia hapa. Safari kwake si kinywaji tu, ni nchi ilivyokuwa inajiona.

Lakini kijana naye hakosei. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera na fedha za kigeni kukauka, viwanda vyote vilikaba. Bia inahitaji vitu vinavyotoka nje: hopsi, yale maua yanayoipa uchungu, vipuri vya mashine, vizibo. Visipokuja, kiwanda kinafanya kitakachowezekana. Wazee wananiambia ilikuwa huna chupa tupu, hupati bia. Kreti likishuka kutoka kwenye lori lililopitia Mikumi na Kidatu kwa barabara ile mliyokuwa mnaijua ya masika, habari inatangulia mjini kabla ya lori. Wenye mashapo na wasio na mashapo wote walikunywa. Bia ya Kenya ikawa inaingia kwa njia za panya, na mwenye Tusker mezani alionekana mtu.

Wakati huo sufuria la komoni halikukauka. Mahindi ya hapahapa, ulezi wa hapahapa, kuni za hapahapa. Halihitaji dola.

Mkeo akikuuliza kwa nini bonde hili lina vilabu vingi kuliko maduka ya dawa, sehemu ya jibu ipo hapo. Kiwanda kilipopungukiwa, akina mama waliziba pengo, na pesa iliyopatikana ikawa ada, ikawa sare, ikawa nauli ya kwenda kujifungua.

SEHEMU YA 4

Mwaka 1993 ndio kitovu cha ugomvi wote. Serikali, kupitia tume iliyokuwa inauza mashirika ya umma, iliwapa South African Breweries nusu ya TBL pamoja na uendeshaji. Karatasi ziliandikwa jina la kampuni ya Uholanzi, Indol, lakini nyuma yake walikuwa Makaburu, kama watu walivyosema bila kupepesa macho.

Sasa sisi wa Mkoa wa Morogoro lazima tusikie hili kwa sikio letu. Mazimbu, pale pale Morogoro mjini, ilikuwa shule ya wakimbizi wa ANC, ile iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Ilifunguliwa 1978. Vijana walisoma hapo, wakalima hapo, wengine wamezikwa hapo. Ilikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1992, leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mwaka mmoja baada ya makabidhiano, kampuni kutoka Afrika Kusini ikaingia kwenye kiwanda cha bia cha taifa, Mandela akiwa bado hajapigiwa kura yoyote. Uchaguzi wao ulikuwa Aprili 1994. Mtu aliyempa mkimbizi wa Mazimbu kiti cha kukalia, ukimwambia "hii ni biashara tu", lazima akuangalie mara mbili. Nadhani hasira ya yule mzee haikuwa ya ladha kabisa. Ladha ndiyo ilikuwa lugha ya kuisemea.

Upande wa pili, bia ikarudi. Mitambo ikabadilishwa, chupa zikawa safi, upatikanaji ukawa wa uhakika. Mwaka 1996 wakaleta Kilimanjaro, nyepesi kidogo kuliko Safari. Mwaka huohuo Serengeti nayo ikaonekana sokoni, ikijinadi kwamba ni ya kimea kitupu, na mashabiki wa bia wakapata cha kubishania: kimea kitupu au kimea na mahindi? Ubishi huo unaendelea. Mimi sina upande, ila nawaambia kuweka mahindi au mchele kwenye bia si uchakachuaji wala sumu, ni njia ya zamani sana duniani ya kuifanya iwe nyepesi na ya bei nafuu.

Vita vya bia mnavikumbuka? Makaburu wakajenga kiwanda Thika, Kenya, mwaka 1998. Wakenya nao wakawa na kiwanda Moshi, Kibo Breweries. Mwaka 2002 wakachoka. Wakapatana: Thika ikafungwa, Moshi ikaenda kwa TBL, wakabadilishana hisa, na Tusker ikawa inatengenezwa na TBL hukuhuku. Watu waliokuwa wakigombana baa kwa ajili ya kampuni hizo hawakuitwa kwenye mapatano. Mwaka 2010 Wakenya wakanunua asilimia 51 ya Serengeti, mchezo ukaanza upya. Na mwaka 2016 Makaburu wenyewe wakanunuliwa, wakamezwa na AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani, yenye makao Ubelgiji.

SEHEMU YA 5 (hii ndiyo niliyotaka kufika)

Ukiangalia vizuri, kila kiwanda kilipogeuka hakikubadilisha kwanza bia. Kilibadilisha mtu wa kumtafuta. 1933 Mzungu. 1967 mwananchi mwenye mshahara. Miaka ya 1990 kijana wa mjini. Sasa wa mjini wameshafikiwa, amebaki nani? Amebaki mnywaji wa kopo. Yule ambaye mkoloni alimpa mama mpika pombe.

Njia zilikuwa kadhaa. Uganda mwaka 2002 kampuni hiyohiyo ilitoa Eagle, bia ya mtama unaolimwa na wakulima wa kule badala ya shayiri, na serikali ikaikubalia kodi ndogo, ikauzwa rahisi. Ikafanikiwa, ikavuka mpaka Zambia na kwetu. Msumbiji wakafanya ya muhogo, Impala, 2011. Sheria yetu ya ushuru nayo ikawa na kiwango cha chini kwa bia ya nafaka za ndani zisizotiwa kimea. Ndiyo maana bei zile mnaziona. Hakuna uchawi, ni kodi.

Halafu kuna kibuku. Jina lenyewe wengi wanadhani ni la kwetu. Lilianzia Kitwe, Zambia, miaka ya 1950, kwa mtu aliyeitwa Max Heinrich, aliyekuwa akiandika majaribio yake ya pombe ya nafaka kwenye buku. Pombe ikaitwa chibuku, ya kwenye buku. Huku ikawa kibuku, ikitengenezwa Ubungo na Darbrew, na TBL ikaja kuchukua asilimia 60 ya Darbrew. Yaani kiwanda cha chupa kikanunua kopo.

Mnaona kilichotokea? Ule uzio wa mkoloni umeondolewa, lakini umeondolewa kutoka upande mmoja. Kampuni inaweza kuvuka kuja kilabuni. Mama wa komoni hawezi kuvuka kwenda dukani, hana maabara, hana nembo, hana mtu wa kumpigania kodi bungeni.

Mashabiki wa bia wenye maneno mazuri wakisikia hivi wanagawanyika. Wako wanaosema kampuni imejishusha, iache mambo ya pombe rahisi, itengeneze bia nzuri. Wako wanaosema imefanya jambo la maana, imemnunulia mkulima wa mtama na imempa mnywaji maskini kitu kilichopimwa. Kampuni yenyewe inapenda sana hoja hii ya pili. Inasema inamtoa mtu kwenye pombe ya hatari.

Mimi kama nesi siwezi kuitupa hoja hiyo hata nikitaka. Nawapa sababu moja tu. Januari 2015 kule Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani. Walikufa 75, na wengine zaidi ya 100 waliugua. Mpika pombe mwenyewe alikufa. Uvumi wa kwanza ulikuwa nyongo ya mamba. Maabara zikaja kuonyesha ni sumu ya bakteria waliokuwa wameota kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Hakuna aliyetia sumu. Unga tu. Na sumu ya aina hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Sasa tazameni bonde letu. Mto Kilombero ukijaa, gunia lililokuwa chini linalowa. Mahindi yakiota ukungu, nani anayasaga ugali? Hakuna. Yanasemwa "haya yanafaa pombe". Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 20 walikufa kwa sumukuvu ya mahindi, na hao walikula tu chakula cha nyumbani. Mama zangu wapika komoni, wala siwatishi ili mkafunge biashara. Nawaomba mahindi yaliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo yasiingie sufuriani. Hasara ya gunia moja mnaijua bei yake.

Lakini sikubali pia kampuni ijipe joho jeupe kama yangu. Kwa sababu kuna kiroba.

Mnakikumbuka. Kifuko kidogo cha plastiki, mfukoni mwa bodaboda, mkobani mwa mwanafunzi, kimetupwa mlangoni mwa shule. Konyagi iliyokuwa kwenye vile vifuko ilitoka Tanzania Distilleries, kampuni tanzu ya TBL hiyohiyo, na wengine wengi wakafuata. Tupige hesabu tuliyofundishwa chuoni. Safari ni asilimia 5.5, chupa ya mililita 500, kwa hiyo kilevi kitupu ni mililita 27.5. Konyagi ni asilimia 35. Kiroba cha mililita 100 kina mililita 35. Kifuko kinachoenea kwenye kiganja kilikuwa na kilevi kingi kuliko chupa nzima ya Safari, kwa sehemu ya bei, na mtu anakimaliza kabla abiria hajapanda. Serikali ilivipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Kenya ilishafanya hivyo 2004. Kwa hiyo ukoo wa kampuni uleule uliokuja na kibuku kilichopimwa, ndio uliokuwa ukiuza na kiroba kilichopimwa. Kupimwa peke yake si usalama. Kunakuambia tu ni kiasi gani.

Na spiriti yenyewe siku hizi inatoka karibu. Kilombero Sugar, ambayo tangu 1998 iko mikononi mwa Illovo, kampuni ya asili ya Afrika Kusini pia, mwaka 2013 ilizindua mtambo wa kutengeneza spiriti ya kunywa kutokana na molasi. Miwa ya bonde hili. Wapo wenye mashamba Msolwa na Mang'ula wanaosoma hapa, wanajua gari likipita na harufu yake.

SEHEMU YA 6

Nilisema tutarudi kwa mama na mtoto. Mnaniuliza sana kliniki, kwa sauti ya chini, "nesi, bia nyeusi si inaongeza damu?" na "nikinywa kidogo maziwa yanashuka?" Haya nayo yana historia, na historia yake ni ya kiwandani.

Wauzaji wa bia wamewatafuta wanaonyonyesha tangu zamani. Mwaka 1895 huko Marekani Anheuser-Busch ilitoa kinywaji kiitwacho Malt-Nutrine, chenye kilevi kidogo, kikauzwa kama dawa ya nguvu, na matangazo yake yaliwalenga akina mama wenye vichanga. Anheuser-Busch ndiyo hiyo "AB" ya AB InBev, mwenye TBL wa leo. Guinness nayo ilianza kujitangaza Uingereza mwaka 1929 kwamba ni nzuri kwa mwili, na kwa miaka mingi baadhi ya hospitali za Uingereza na Ireland ziliwapa wazazi. Kwa hiyo shangazi yako aliyekuambia "kunywa nyeusi upate damu" hakuota. Amelipokea tangazo la karibu miaka mia moja, limepita mdomo kwa mdomo mpaka Lipangalala.

Madini ya chuma kwenye bia nyeusi ni kidogo mno. Matembele na dagaa vinaishinda kwa mbali, na vile vidonge vyekundu mnavyopewa kliniki mkavifungia kabatini ndivyo vyenye kazi. Kuhusu maziwa, watafiti wa Philadelphia, Mennella na Beauchamp, mwaka 1991 walipima watoto ambao mama zao walikunywa kilevi kidogo. Watoto walinyonya maziwa machache zaidi, si mengi. Mama anahisi titi limejaa, anadhani maziwa yameongezeka, kumbe hayatoki vizuri na mtoto hajashiba. Mwenye kunyonyesha akinywa, asubiri: chupa moja ya bia inahitaji saa kadhaa kuisha mwilini, na kukamua hakuiharakishi.

Mwenye mimba, hapo sina mjadala. Kilevi kinavuka kondo la nyuma, mtoto anapata kile unachopata, na ini lake halijakomaa. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, cha Safari wala cha komoni. Hili la komoni nalirudia kwa sababu wengi wenu hamuihesabu kama pombe. Mnaihesabu chakula. "Ni uji tu wa kuchachuka, nesi." Kwa kibuku na komoni tatizo liko palepale: inaendelea kuchachuka ikiwa kwenye ndoo. Ya asubuhi na ya jioni si pombe moja, na ya kesho kutwa ni kali zaidi. Mama mpika anajua kwa ulimi. Mwenye mimba aliyepewa kopo la "ile tamu" hana pa kusoma asilimia. Na mtoto wa miaka mitatu anayeonjeshwa ili alale, jamani, huyo hajalala, amelewa. Sukari ya damu yake inaweza kushuka akazimia. Mkimleta, mseme ukweli mapokezi, tusipoteze muda kupima malaria tu.

Aliyeniuliza inbox kuhusu zile malta zisizo na kilevi, ambazo nazo zinatoka viwanda hivihivi: kilevi hazina, sukari zinayo ya kutosha kama soda nyingine. Si dawa ya damu, si ya maziwa. Ukiipenda kunywa kama soda, usiinunue kama tiba, na pesa ya mayai isiguswe.

Kikao kile, mkitaka kujua, kilimalizika kwa kura. Safari kreti kumi, Kilimanjaro kreti kumi, soda na maji vya kutosha, na komoni ndoo mbili za wazee, atakayepika ni mama yuleyule na atalipwa kama walivyolipwa wenye kreti. Mahindi nimemwambia ayapembue mchana kwenye mwanga, siyo usiku kwa tochi.

Maswali wekeni hapo chini. Nina zamu za usiku mpaka Jumatano, nitajibu taratibu wodi ikitulia.